Mwili Una Saa Yake: Kwa Nini Nguvu Hupanda na Kushuka

Andiko la kipindi, kwa vikundi vya wasikilizaji na kwa wale ambao hawakukipata hewani

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI.)

MTANGAZAJI 1: Karibu uliye Nyarugusu, uliye Kakuma, uliye Nakivale, na wewe unayetusikiliza ukiwa kwenye foleni ya maji, redio umeifunga kwenye ncha ya kitenge. Mimi na kaka yangu tuko hapa kama kawaida.

MTANGAZAJI 2: Tuko hapa, dada. Na leo tunaanza na ujumbe wa mama mmoja, fundi cherehani, aliyeko kambini mkoani Kigoma. Anasema hivi: asubuhi anakata kitambaa vizuri, mkono hautetemeki, hesabu za vipimo anazo kichwani. Lakini ikifika mchana, akili inakuwa kama imefunikwa na blanketi. Wiki iliyopita alikata mkono wa gauni upande usio wake. Kitenge kilikuwa cha mteja, ikabidi akilipe. Mume wake anamwambia tangu wamefika kambini amekuwa mvivu. Anatuuliza: je, huu ni uvivu, ni ugonjwa, au kuna mtu amenitupia kitu?

MTANGAZAJI 1: Mama, asante kwa kutuamini. Tukujibu moja kwa moja kwanza, halafu tueleze. Kama kila siku inakuwa hivyo, nguvu zinashuka mchana na zinarudi jioni, basi hujarogwa na wala si uvivu. Ni saa ya mwili wako inafanya kazi yake. Lakini kuna uchovu mwingine ambao si wa saa ya mwili, ule unaotakiwa upelekwe zahanati, nao tutauzungumzia. Usizime redio.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 2: Kuna mmea wengi wetu tuliuchezea tukiwa watoto. Kifauongo. Ukiugusa, majani yanajikunja kama umekufa.

MTANGAZAJI 1: Nauchukia ule mmea, una miiba.

MTANGAZAJI 2: Una miiba, lakini una elimu. Kifauongo hujikunja pia usiku, na asubuhi hufungua majani. Watu walidhani ni kwa sababu ya jua tu. Mwaka 1729, mwanasayansi wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa namna hiyo mahali penye giza mchana na usiku. Jua halikuufikia. Hata hivyo, ulipofika mchana ulifungua majani, na ulipofika usiku uliyakunja. Maana yake mmea ulikuwa unajua saa bila kuonyeshwa jua. Kitu kinachohesabu muda kilikuwa ndani yake.

MTANGAZAJI 1: Na binadamu je?

MTANGAZAJI 2: Binadamu naye alijaribiwa. Mwaka 1938, Profesa Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, waliingia kwenye pango kubwa liitwalo Mammoth Cave, huko Kentucky, Marekani. Wakakaa humo siku 32. Hakuna jua, hakuna jogoo, hakuna adhana wala kengele ya kanisa. Walitaka kuona kama mwili unaweza kuzoea siku ya saa 28 badala ya saa 24. Yule kijana alizoea. Profesa, ambaye alikuwa na miaka zaidi ya 40, alishindwa kabisa. Mwili wake uliendelea kutaka usingizi kwa saa zilezile za juu duniani.

MTANGAZAJI 1: Yaani pangoni umeingia, lakini mwili umebaki nje na watu wengine.

MTANGAZAJI 2: Ndivyo. Leo inajulikana kwamba saa hiyo iko ndani ya ubongo, nyuma ya macho, karibu na pale mishipa ya macho inapokutana. Ni kikundi kidogo sana cha chembe hai, kama 20,000 hivi. Na karibu kila chembe ya mwili, kuanzia ini mpaka ngozi, nayo ina saa yake ndogo inayofuata ile kubwa. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza saa hizo ndogo zinavyofanya kazi. Walikuwa wanachunguza nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva.

MTANGAZAJI 1: Basi ile saa kubwa inarekebishwa na mwanga wa asubuhi. Kila ukitoka nje na jua likakuingia machoni, ubongo unaambiwa: siku imeanza. Giza likiingia, mwili unaanza kutengeneza kemikali ya kuukaribisha usingizi. Joto la mwili nalo linapanda na kushuka. Linakuwa chini kabisa alfajiri, kama saa 10 au 11, na linafika juu jioni. Ndiyo maana mtu aliyekesha husikia baridi alfajiri hata akiwa amejifunika.

MTANGAZAJI 2: Sasa tuitembelee siku moja kwa mtu wa kawaida aliyeamka saa 12 asubuhi. Nusu saa ya kwanza kichwa bado kizito, si wakati mzuri wa kufanya mahesabu wala kubishana na jirani. Kuanzia kama saa 3 mpaka saa 6 mchana akili iko juu. Kumbukumbu nzuri, macho makali, uvumilivu upo. Halafu, kati ya saa 7 na saa 10 alasiri, nguvu zinashuka. Kope nzito. Makosa madogomadogo yanaongezeka. Baadaye, kuanzia saa 11 jioni, zinapanda tena. Misuli inakuwa na nguvu, viungo vimelainika. Kisha usiku zinateremka kuelekea kwenye usingizi.

MTANGAZAJI 1: Na watu wanasema kile kiporo cha mchana ni ugali ndio umefanya kazi.

MTANGAZAJI 2: Ugali mwingi unaongeza, ni kweli. Lakini hata mtu ambaye hakula mchana, na wako wengi, bado atausikia mteremko huo. Umo ndani ya mwili. Na kambini una wasaidizi: jua liko kali, paa ni la turubai au bati, na usiku uliopita hukulala vizuri.

MTANGAZAJI 1: Hapo kuna jambo dogo la saa ambalo linawachanganya ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi wakaingia Tanzania. Ulipovuka, saa ya mkononi uliisogeza mbele kwa saa moja. Jua halikusogea. Kule Kigoma, jua linachomoza karibu na saa 1 asubuhi, na linakuwa katikati ya anga karibu na saa 7 mchana. Kwa hiyo usiniambie, "Redioni walisema nguvu zinashuka saa 7, mbona mimi ni saa 8 au saa 9?" Kipimo chako ni jua, na saa uliyoamka. Kwa watu wengi mteremko unakuja kama saa 7 hadi 9 baada ya kuamka. Tazama kivuli chako: kikishakuwa kifupi miguuni na kuanza kurefuka upande wa pili, uko humo.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 2: Dada, kuna msikilizaji atasema: haya yote mazuri, lakini mimi sichagui saa zangu. Foleni ya maji ina saa yake. Mgao una siku yake. Mahojiano nimepangiwa na ofisi. Kuni ninaenda wakati wenzangu wanakwenda kwa sababu peke yangu ni hatari.

MTANGAZAJI 1: Naye atakuwa amesema kweli. Hatuwezi kujifanya kwamba kambini mtu anapanga siku kama mwenye duka mjini. Na kwa akina mama zaidi: wewe unaamka wa kwanza, unalala wa mwisho, na katikati kila mtu anakuita. Lakini fikiria siku yako ya jana. Ndani yake kulikuwa na saa mbili au tatu ambazo wewe mwenyewe uliamua ufanye nini kwanza. Tunazungumzia hizo tu.

MTANGAZAJI 2: Kazi hazifanani. Kuna zinazotaka kichwa na macho: kukata kitambaa, kuandika barua ya maombi, kusoma hisabati, kuhesabu hela za kikundi cha kuweka na kukopa. Kuna zinazotaka misuli, kama kufyatua matofali au kulima. Na kuna zile ambazo mikono inazijua yenyewe: kuchambua maharage, kutwanga sombe, kusuka mkeka, kukaa kwenye foleni. Watu wengi wanafanya kinyume. Asubuhi, kichwa kikiwa safi, wanamaliza vyombo na kuchambua maharage, halafu mchana wakiwa wamechoka ndipo wanachukua mkasi.

MTANGAZAJI 1: Kwa hiyo mama yetu fundi, ushauri wetu ni huu. Kata asubuhi, shona mchana. Ukikata nguo tatu za wateja kati ya saa 3 na saa 6, mchana unabaki na kushona mistari iliyonyooka, kutia vifungo, kukunja pindo. Hata ukikosea mshono, unafumua. Mkasi haufumuliwi. Na vyombo vya asubuhi, baba watoto akivisogeza hadi mchana havitaoza.

MTANGAZAJI 2: Umemtaja baba watoto, naomba nizungumze na wanaume wenzangu. Ule wakati wa alasiri ndio nyumba nyingi zinagombana. Joto, njaa, watoto wanalia, na wote wawili mko chini. Neno ambalo asubuhi lingepita linakuwa vita. Mkiwa na jambo zito, kama ada ya mtoto, kama kujiandikisha kurudi nyumbani au kubaki, msilijadili saa hiyo. Lisubiri jioni jua likipoa, au kesho yake. Haligeuki kuwa jepesi, lakini mtalizungumza mkiwa na akili zenu.

MTANGAZAJI 1: Kuna msemo wa mtaani, "Biashara asubuhi, jioni mahesabu." Mimi nasema nusu yake ya kwanza ni kweli. Hesabu za kikundi, hasa za hela za watu, zifanyeni asubuhi. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya kujumlisha vibaya saa 2 usiku kwa mwanga wa simu.

MTANGAZAJI 2: Kazi za misuli nazo zina miiko. Jioni mwili una nguvu zaidi, lakini giza linaingia mapema na si salama kila mahali. Kwa hiyo kwa matofali na jembe, asubuhi mapema ni bora, kwa sababu ya joto. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Mwili uliopungukiwa maji kidogo tu unajisikia mchovu na kichwa kinauma, na mtu anadhani ni malaria.

MTANGAZAJI 1: Na kulala mchana je? Mama mkwe wangu anasema ni tabia ya wavivu.

MTANGAZAJI 2: Shikamoo kwake, lakini hapa sikubaliani naye. Dakika 20 za kulala mchana zinarudisha akili kwa saa mbili au tatu. Ila zisizidi nusu saa, maana ukizama kwenye usingizi mzito utaamka umechanganyikiwa. Na usilale baada ya saa 10 alasiri, utakuwa umeuiba usingizi wa usiku. Mwambie mtoto akuamshe. Kama huna pa kulala, funga macho ukiwa umeketi kivulini.

MTANGAZAJI 1: Chai pia inahusika hapa. Tangu unapoamka, kuna kemikali inajikusanya kwenye ubongo, saa hadi saa, inayokuambia umechoka, ukalale. Chai na kahawa haziiondoi. Zinaziba masikio ya ubongo usiisikie. Na zinakaa muda mrefu. Chai nzito ya saa 12 jioni, ikifika saa 6 usiku, kwa watu wengi karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Kwa hiyo kunywa asubuhi. Na kama unatumia vidonge vya kuongeza damu, acha nafasi ya saa moja au zaidi kati ya vidonge, au chakula chenye mboga za majani, na chai. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 2: Utaijuaje saa yako wewe mwenyewe? Kuna njia isiyohitaji simu wala daftari. Chukua kipande cha mkaa. Kwenye ukuta wa udongo, ndani, chora mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, alasiri na jioni. Ukijisikia una nguvu, mstari mrefu. Wastani, mstari mfupi. Ukiwa umeisha, nukta. Fanya siku saba. Usijipendelee. Siku ya saba simama uangalie ukuta. Nukta zitakuwa zimejipanga mahali pamoja, na mistari mirefu mahali pengine. Mtu mwingine atakuta mistari mirefu yote ni usiku.

MTANGAZAJI 1: Hao wapo. Kuna watu wa alfajiri na watu wa usiku. Sehemu ya jambo hilo mtu anazaliwa nayo, na sehemu inakwenda na umri. Mtoto mdogo anaamka na ndege. Akifika miaka 14, 15, 16, saa yake inasogea mbele: usiku halali, asubuhi haamki. Wazazi wanapiga kelele. Si jeuri, mwili wake umebadilika, na umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu usiku inazidisha tatizo, kwa sababu mwanga wake uko karibu na macho na unauambia ubongo bado ni mchana. Hiyo mnaweza kumnyang'anya.

MTANGAZAJI 2: Walimu mnaotusikia, shule nyingi za kambini zinasoma kwa zamu mbili. Wanafunzi wa zamu ya mchana mnawapokea wakiwa katikati ya mteremko, darasa limejaa, bati linachemka. Ukianza na kuandika ubaoni dakika 40, nusu watalala. Anza na wimbo, wasimame, wahesabu kwa sauti, mtoke chini ya mti. Hisabati ngumu iweke kipindi cha mwisho, jua likishapoa. Inaonekana kinyume, lakini jaribu wiki mbili.

MTANGAZAJI 1: Na sungusungu wetu wanaolinda usiku. Saa 9 usiku mpaka saa 11 alfajiri ndipo mwili uko chini kabisa, hata ukiwa umezoea. Lindeni wawili wawili, tembeeni, msikae. Lala kidogo kabla ya zamu kuanza. Ukirudi nyumbani funga kitambaa cheusi machoni, na familia iheshimu usingizi huo kama inavyoheshimu wa usiku.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 2: Dada, sasa tuje kwenye ule uchovu mwingine.

MTANGAZAJI 1: Mteremko wa kawaida una tabia moja: unaondoka. Jioni ukipata nguvu, au ukilala vizuri ukaamka mzima, ni saa ya mwili. Lakini kama unaamka umechoka, mchana umechoka, jioni umechoka, wiki mbili mfululizo, usichore ukutani. Nenda zahanati.

MTANGAZAJI 2: Tazama viganja vyako na ndani ya kope ya chini. Vikiwa vyeupe, na ukipanda kilima kidogo unahema, huenda damu imepungua. Hilo linawapata sana wajawazito na watoto. Homa na kutetemeka, ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda, ukapimwe kifua kikuu. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, ukapimwe sukari.

MTANGAZAJI 1: Na kuna uchovu wa moyo. Hujisikii kufanya chochote, hata vitu ulivyovipenda, hata kuongea na watoto. Usiku unaota vita, unaruka kwa sauti ya mlango. Mwili unaolinda usiku kucha hauwezi kuwa na nguvu mchana. Si udhaifu wa imani wala wa tabia. Karibu kila kambi ina mtu wa kuzungumza naye kuhusu hayo, kupitia kituo cha afya au mhudumu wa afya wa jamii. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usisubiri kesho. Mwambie mtu aliye karibu yako sasa hivi, mwende pamoja.

MTANGAZAJI 2: Tuseme pia jambo lililo wazi. Mwezi nao una mteremko wake. Siku za mwisho kabla ya mgao, na hasa mgao ukiwa umepunguzwa, nguvu zinaisha kwa sababu chakula kimeisha. Hakuna mpangilio wa saa unaojaza sufuria. Unachoweza ni kutoweka kazi nzito ya matofali siku hizo kama kuna njia, na kuipa bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba maji ya kuogea ili siku hizo ziwe na kitu. Na usijiite mvivu kwa sababu ya njaa.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 1: Tumebakiwa na ujumbe mmoja, wa mzee wetu mwenye miaka 70. Anasema kila siku macho yanafunguka saa 9 usiku na hayafungi tena. Mkewe anasema anasumbuliwa na wafu.

MTANGAZAJI 2: Shikamoo mzee. Umri ukienda, saa ya mwili inarudi nyuma. Usingizi unakuja mapema na kuondoka mapema. Kama unalala saa 2 usiku, saa 9 tayari umemaliza saa saba, na hizo zinatosha. Ukitaka kuamka baadaye, kaa kidogo kwenye mwanga wa jioni jua likizama, zungumza na wajukuu, uchelewe kulala kwa saa moja. Lakini kama kinachokuamsha ni kukojoa mara tatu au nne kwa usiku, mwambie muuguzi. Ni jambo la kupimwa kwa mzee wa kiume, na wala si la kuonea aibu.

MTANGAZAJI 1: Na mama, usiku huo akiamka, mwachie redio kwa sauti ya chini.

(MUZIKI WA KIPINDI HADI MWISHO)